Ng'ombe Mia Tatu na Kumi na Saba wa Kasmiri

Jumamosi hiyo, saa moja na dakika chache asubuhi, Nyamburi alikuwa amechuchumaa uani kwao Nyakato, Musoma, akipiga mswaki, simu yake ilipoanza kuita ndani. Ikaita, ikakata, ikaita tena. Mama yake, Grace, akaichungulia pale kitandani akapaza sauti.

"We Nyamburi! Kuna mtu umemwandika Kasmiri Josho. Hii ni mara ya nne anapiga!"

Nyamburi alisukutua haraka, akafuta mdomo kwa kiganja, akaipokea simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti yangu. Hebu niambie kitu kimoja," alisema Kasmiri. "Mimi nimekuwa tajiri tangu lini?"

"Sijakuelewa, baba."

"Sikiliza basi." Akaanza kusoma polepole, kama msomaji wa masomo kanisani. "'Ndugu Kasmiri Wambura, ng'ombe wako namba moja, Kiberiti, atachanjwa Jumatatu saa mbili asubuhi.' Sawa. Inakuja ingine. 'Ndugu Kasmiri Wambura, ng'ombe wako namba mbili, Sugu.' Halafu namba tatu, namba nne, tano. Simu imelia tangu saa kumi na mbili, mke wangu ameamka anauliza hao ng'ombe nimewaficha wapi miaka yote hii. Nimefika namba mia na tisini. Binti, mimi nina mtamba mmoja tu!"

Nyuma ya sauti yake ilisikika simu ikilia ting, ting, ting.

Nyamburi alikuwa na miaka ishirini na mitatu na hii ilikuwa kazi yake ya kwanza kupewa peke yake. Baada ya kumaliza diploma ya kompyuta aliajiriwa Bunda na Prosper, mtu mpole mwenye kitambi, aliyekuwa na ofisi ya chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, ambako alitengeneza kompyuta zilizoharibika na kuandika programu za maduka na shule. Kikundi cha wafugaji cha kijiji kimoja upande wa Butiama kilipoomba programu ya kuandikisha ng'ombe wao na kuwakumbusha siku za chanjo, Prosper alimwangalia Nyamburi akasema, "Hii ni yako. Sitagusa hata mstari."

Aliiandika kwa wiki tatu. Ndani yake aliweka maelezo ya ng'ombe kwa ujumla: kwamba ng'ombe ana namba ya hereni, jina, rangi, umri na mwenye, yaani mmiliki wake. Maelezo hayo ndiyo waandishi wa programu wanayoyaita klasi. Klasi haina pumzi wala mkia. Ni kama ramani ya nyumba, huwezi kulala ndani yake. Kila ng'ombe halisi anapoandikishwa, programu inaumba kitu kipya kutokana na ramani hiyo, nacho kinaitwa objekti. Na pale pale kinapoumbwa, kuna kipande kifupi cha maandishi kinachokipokea na kukipa vyote kinavyotakiwa kuwa navyo kabla hakijatoka: namba yako hii, jina lako hili, rangi yako hii. Kipande hicho kinaitwa konstrakta. Nyamburi alikuwa akiipenda konstrakta kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi yake. Aliona raha kwamba kabla yake hapakuwa na kitu, na baada yake pana ng'ombe mzima mwenye jina.

Ijumaa alikuwa ameshinda josho, kompyuta juu ya kibao, jua linamchoma kisogo. Ng'ombe walipita mmoja mmoja kuogeshwa dawa ya kupe. Kila mmoja alitobolewa sikio na kuvishwa hereni yenye namba, anayemswaga akataja jina la mwenye, Nyamburi akaandika. Aliyesimama mlangoni kuwapanga alikuwa Kasmiri mwenyewe, mhudumu wa josho, mwanamume wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye maneno mengi kuliko redio. "Haya, mwingine!" alipiga kelele kutwa nzima. Wa mwisho, jua likielekea kuzama, alikuwa mtamba wake mweupe, Malaika. Nyamburi akamwandika, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi, akarudi Musoma vidole vimevimba na moyo mweupe.

Sasa aliifungua kompyuta juu ya kitanda, nywele hajachana. Aliangalia orodha. Namba moja, mwenye: Kasmiri Wambura. Namba mia moja: Kasmiri Wambura. Namba mia tatu na kumi na saba: Kasmiri Wambura. Akafungua maandishi yake mwenyewe akayapitia kwa kidole kama mtoto anayejifunza kusoma, na kwenye mstari wa sita akasimama.

Lilikuwa neno moja tu alilolichomeka vibaya. Kwa ajili ya neno hilo, jina la mwenye halikuwa linakaa kwa ng'ombe mmoja mmoja. Lilikaa kwenye klasi yenyewe, mahali pamoja kwa ng'ombe wote, kama ubao mmoja uliotundikwa ukutani. Kila alipoumbwa ng'ombe mpya, konstrakta ilikwenda ubaoni, ikafuta jina lililokuwapo, ikaandika jipya. Na kila ng'ombe aliyeulizwa "wewe wa nani?" aligeuka akausoma ubao ule ule. Kasmiri ndiye aliyeandikwa mwisho, basi wote wakawa wa Kasmiri. Halafu Nyamburi akabonyeza kuhifadhi.

Na alipoijaribu programu pale Bunda, wiki nzima, aliijaribu kwa ng'ombe mmoja. Ng'ombe mmoja na ubao mmoja, kosa lingeonekana wapi?

Akampigia Prosper. Prosper alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Kaka Prosper, usinicheke jamani."

"Sikucheki wewe. Namcheka huyo mzee na simu yake. Mimi mwaka wangu wa kwanza niliwapa wanafunzi wote wa shule moja tarehe moja ya kuzaliwa." Akaacha kucheka. "Sawa. Kopi ya majina kabla hujahifadhi, unayo?"

"Sina."

"Karatasi?"

"Walisema hawataki tena karatasi."

Prosper akavuta pumzi. "Basi rekebisha konstrakta yako kwanza, ukiwa umetulia. Halafu nenda ukawaambie kwa mdomo wako kabla hawajaambiwa na mwingine. Mimi nikienda, kuanzia leo watakuona mtoto. Nenda mwenyewe."

Alirekebisha. Alilitoa lile neno, jina la mwenye likahamia kwa kila ng'ombe, na akaongeza sharti: asiyetajiwa mwenye, konstrakta imkatae, asiumbwe kabisa. Safari hii aliumba ng'ombe ishirini wa uongo wa watu ishirini, akawauliza mmoja mmoja, na kila mmoja akamtaja wake. Kisha akapanda gari la Butiama, na kutoka stendi akachukua pikipiki mpaka kijijini, kompyuta ameikumbatia kifuani.

Alimkuta Kasmiri mbele ya nyumba yake amevaa koti. Koti la harusi, la kijivu, na jua hilo.

"Karibu kwa tajiri!" alisema.

"Usimsikilize," alisema mkewe, Dafroza, akitoka jikoni na sufuria ya viazi vitamu. "Tangu asubuhi amegoma kuteka maji. Anasema mwenye ng'ombe mia tatu hatekagi maji."

Nyamburi hakuwa na nguvu ya kucheka. Alikaa kwenye kigoda, akasema yote aliyokuja nayo, haraka, macho chini. "Kosa ni langu, baba. Liko kwenye kodi."

Kasmiri akashtuka, koti likamteleza bega moja. "Kodi? Wameanza kututoza kodi ya ng'ombe? Basi mimi simo! Wafute hao wote, mimi nina mmoja!"

"Siyo kodi hiyo, baba. Maandishi ya programu, nayo tunayaitaga kodi."

"Aa! Ungesema." Akalirudisha koti begani. "Kwa hiyo ng'ombe wapo, namba zipo, majina ya ng'ombe yapo. Wenye ndio wamepotea?"

"Wamepotea wote. Chanjo ni keshokutwa na bwana mifugo anataka orodha. Nitaanza kupita nyumba kwa nyumba, nisome hereni masikioni."

"Ng'ombe wako malishoni mpaka jioni, na ukimshika sikio ng'ombe wa Stanislausi atakutupa kwenye mgomba." Kasmiri akavuta kigoda chake karibu. "Soma namba moja."

"Namba moja, Kiberiti. Dume, kahawia, doa jeupe tumboni."

"Wa Leonardi."

Nyamburi akamtazama.

"Soma, soma. Namba mbili."

"Sugu. Jike, mweusi, miaka sita."

"Pembe ya kushoto imevunjika? Hukuandika pembe. Ni ya kushoto. Wa mama Debora. Endelea."

Ndipo Nyamburi alipoanza kuelewa mtu aliyekaa mbele yake. Kasmiri alikuwa na josho lile kwa miaka kumi na tisa. Kila wiki alimsukuma kila ng'ombe wa kijiji kwa mkono wake mpaka ndani ya maji ya dawa. Aliwajua wanaoogopa, wanaopiga teke, mama zao na bibi zao. Yeye mwenyewe hakuwahi kupata zaidi ya mmoja au wawili, lakini kichwani mwake walikuwamo wote.

Walikwenda hivyo mpaka viazi vikaisha, Dafroza akaleta chai. Nyamburi anasoma, Kasmiri anataja, konstrakta inampokea ng'ombe upya na kumpa mwenye wake. Mara mbili au tatu Nyamburi alipata wasiwasi akapiga simu kwa aliyetajwa kuhakikisha, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Alipopiga mara ya nne Kasmiri akanuna, naye akaacha.

Walipofika namba themanini na nane, Kasmiri akakwama.

"Huyu ni wa Jenoveva. Lakini analala kwa Baltazar."

"Niandike nani?"

"Andika wote."

"Nafasi ni moja, baba. Mwenye."

"Basi ongeza nafasi! Jenoveva yuko Kamunyonge, Musoma mjini, anauza vitenge, ng'ombe atamweka wapi, sebuleni? Amempa Baltazar amtunze, akamue maziwa anywe. Wako wengi hivyo hapa kwetu. Mwenye ni mmoja, mlezi ni mwingine. Ng'ombe akiumwa, mlezi ndiye anayepiga simu. Mwenye ndiye anayepigiwa."

Nyamburi aliacha kuandika. Wiki tatu nzima alizokaa Bunda akichora ng'ombe wake, hakuna aliyemwambia jambo hilo, naye hakuuliza. Ijumaa waswagaji wengine walitaja walezi, wengine wakataja wenye, na hata kama programu isingekuwa na kosa, orodha ingekuwa na uongo nusu nusu. Alirudi kwenye klasi akaongeza mlezi, akaibadilisha konstrakta ipokee wote wawili, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akajikuta anapiga mluzi.

"Hiyo ndiyo sauti," alisema Dafroza. "Ulivyoingia hapa ulikuwa kama mtu aliyefiwa."

Orodha waliimaliza usiku, na Nyamburi akalala hapo hapo kwa Kasmiri. Jumapili walikwenda wote misani, Kasmiri na koti lake, na nje ya kanisa kila mtu alikuwa amekwisha kusikia. "Tajiri, shikamoo!" "Tajiri, nikopeshe dume moja la kulimia!" Kasmiri aliwapungia mkono kama mgeni rasmi. Saa nane wafugaji wakakusanyika josho, wengine wamekaa juu ya ukuta, wanawake kwenye kivuli cha banda.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Alfonce, mtu mnene, mwenye sauti nzito na kofia ya pama. Alifungua kikao, akampa Nyamburi nafasi. Nyamburi akasimama. Aliwaambia kosa lilikuwa lipi, akaeleza habari ya ubao mmoja ukutani, akasema, "Nilijaribu kwa ng'ombe mmoja. Nilipaswa kujaribu kwa wengi. Naomba mnisamehe."

Stanislausi, mzee asiye na meno ya mbele, akasema, "Kwa hiyo Kasmiri ametuibia wote bila kutoka kitandani," na watu wakaangua kicheko.

Wakaamua orodha isomwe yote kwa sauti, kila mtu aitikie wake. Kasmiri akaomba aisome yeye. Wakaitika: ndiyo, ndiyo, wangu huyo, mlezi ni mimi. Ilikuwa inakwenda vizuri mpaka namba mia mbili na moja.

"Namba mia mbili na moja, Pendeza. Jike, kahawia, miguu myeupe," alisoma Kasmiri. "Mwenye, Skolastika. Mlezi, Alfonce."

Alfonce akainua kofia. "Rekebisha hapo. Pendeza ni wangu."

Kasmiri hakuinua macho. "Pendeza alikuja hapa josho akiwa ndama, ameletwa na Skolastika kwa kamba, peke yake, mvua inanyesha. Nikamuuliza, shemeji, huyu umempata wapi? Akaniambia, ni jasho langu, nimeuza viazi vyangu vya misimu miwili. Mimi nilikuwepo."

Vichwa vyote vikageukia upande wa wanawake. Skolastika, mke wa mwenyekiti, mfupi na mtulivu, alikuwa anamenya chungwa. Akamaliza kumenya.

"Ni kweli," alisema. "Nilikuwaga nasubiri aseme mwenyewe. Miaka mitatu nasubiri."

"Mke wangu, chako si changu na changu si chako?"

"Basi sawa, baba Happyness. Kama ni kitu kimoja, kuna ubaya gani ikiandikwa mimi?"

Wanawake walipiga vigelegele mpaka ndege wakaruka kutoka juu ya banda. Hata Stanislausi alijipiga mapaja. Alfonce aliivua kofia yake akajipepea usoni. Nyamburi alikuwa ameganda, kidole juu ya kitufe. Alihisi kwamba ameleta ugomvi katika nyumba ya watu kwa nafasi moja aliyoongeza jana kwenye konstrakta.

"Binti," Alfonce alisema mwishoni, kwa sauti ya chini, "hiyo mashine yako inaweza kuandika vyovyote?"

"Inaandika mtakachokubaliana, baba. Ila haikubali kuacha wazi."

Akamtazama mkewe, na Skolastika akamtazama pia, mdomo unachezacheza kwa kicheko alichokibana. "Andika alivyosoma," alisema Alfonce. "Na wewe Kasmiri, endelea kusoma, acha kuniangalia."

Baada ya hapo orodha ilibadilika kidogo. Watu walianza kunong'onezana, na mara tano mtu alisimama akasema, "Huyo aliyesomwa wangu, kwa kweli ni wa mama," au, "ni wa dada yangu." Mmoja alimrudisha ng'ombe kwa ndugu aliyeko Bunda ambaye hawakuwa wakisemeshana naye tangu mwaka juzi, akampigia simu hapo hapo, akaenda kuzungumza pembeni na hakurudi mpaka kikao kikaisha.

Jumatatu asubuhi, saa kumi na mbili kamili, simu zililia kijiji kizima, moja moja, kila nyumba na ng'ombe wake. Kasmiri alipata ujumbe mmoja. Alimwonyesha Dafroza, akavua koti, akalitundika, akachukua ndoo akaenda kuteka maji.

Chanjo ilikwenda mpaka saa saba. Bwana mifugo, aliyezoea kugombana na karatasi zilizolowa, aliisoma orodha kwenye kompyuta akitikisa kichwa kwa kuridhika. Akauliza nani aliyefikiria habari ya mlezi.

"Mzee Kasmiri," alisema Nyamburi.

"Mimi nilisema tu," alijibu Kasmiri. "Yeye ndiye aliyesikia."

Walipokuwa wanafunga vifaa, Alfonce alitokea akivuta ndama kwa kamba, jike, mwekundu mwekundu, bado miguu haijakaza. Nyuma yake alikuja binti yake Happyness, mwenye sare ya sekondari, uso umejaa mashaka kama mtu aliyeitwa bila kuambiwa sababu.

"Huyu amezaliwa juzi, hajaandikwa," alisema Alfonce. Alikohoa. "Hereni sijui kama inamfaa bado."

"Sikio bado laini, tutamvisha mwezi ujao," alisema bwana mifugo. "Ila aandikwe."

Nyamburi akafungua kompyuta juu ya ukuta wa josho. "Jina?"

Alfonce akamgeukia binti yake. "Jina nani?"

"Mimi?" alisema Happyness. "Mimi nitajuaje, baba? Si ni ng'ombe wako."

"Ningekuuliza kama angekuwa wangu?"

Ilichukua muda kidogo kumwingia. Alipoelewa alishika mdomo kwa mikono miwili, kisha akapiga magoti, akamshika ndama kichwa, akamtazama machoni, huku sare yake ikiingia matope. "Neema," alisema. "Aitwe Neema."

Nyamburi aliandika. Jina, Neema. Rangi, nyekundu. Mwenye, Happyness Alfonce. Kwenye nafasi ya mlezi aliinua macho.

"Mimi hapa," alisema Alfonce. "Mpaka amalize shule."

Nyamburi akabonyeza. Pikipiki ya kumpeleka stendi ilikuwa tayari imewashwa, wingu zito limetanda upande wa ziwa, na Dafroza alikuwa anakuja mbio na mfuko wa viazi vitamu, anapiga kelele kwamba Nyamburi asiondoke kabla hajachukua vya kumpelekea mama yake.